AC ya Porsche 911 ya zamani: dalili, chanzo na kuhama kutoka R12

"Fundi, asubuhi nikitoka Diani inapoa vizuri kabisa. Nikifika foleni ya feri Likoni, dakika kumi haziishi, inanipulizia kama nimefungua tanuri la mkate. Nikivuka nikapata mwendo, inapoa tena. Si gesi hiyo?"

Huyo ni mzee aliyeniletea 911 SC ya mwaka 1982. Gereji aliyokuwa akienda mwanzo ilikuwa imemwongezea gesi mara nne ndani ya mwaka mmoja. Nikamwambia, "Mzee, gesi ina lawama yake, lakini hilo la feri si kukosa gesi." Gari lake lilikuwa na magonjwa mawili yaliyovaa kanzu moja, na nyingi za rika hili huja hivyo hivyo. Ukitibu moja peke yake, mwenye gari anarudi baada ya wiki mbili akiwa amenuna.

Joto linakwenda wapi

AC haitengenezi baridi. Inachota joto ndani ya gari na kwenda kulimwaga nje; likikosa pa kumwagika, unabaki nalo. Katika gari la kawaida kondensa, yaani sehemu inayomwaga joto nje, hukaa mbele ya rejeta, inapigwa na upepo wa safari na feni kubwa. 911 za kati ya 1974 na 1989 zina injini nyuma, tena inayopozwa kwa hewa, kwa hiyo rejeta ya maji haipo na nafasi ile haipo. Kondensa moja imefungwa kwenye mfuniko wa injini, juu ya injini yenyewe. Ya pili iko chini ya pua na kifeni chake. Kompresa, pampu inayosukuma gesi, iko nyuma; evaporeta, inayochota joto la ndani, iko mbele karibu na kioo, na kati yao kuna mita na mita za hozi zinazopita chini ya gari, kwenda na kurudi.

Mfumo huo ulipangwa kwa R12. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyoizika: nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwishoni mwa 1995, nchi kama zetu zikapewa hadi 2010. Kwa hiyo 911 nyingi zinazoingia gereji leo zina R134a, gesi iliyochukua nafasi yake, mara nyingi bila kingine chochote kubadilishwa. Sasa tazama: kondensa ikiwa na nyuzi 60, presha ya R12 inakaa kwenye psi 207 hivi, R134a kwenye 229. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba kondensa zenyewe zilikuwa zinatosha kwa shida tangu gari likiwa jipya.

Geji kabla ya spana

Gari likiwa limelala usiku kucha na injini imepoa, pima joto la pale lilipolala, kisha funga geji bila kuwasha chochote. Pande zote mbili, wa presha ya juu na wa presha ya chini, zitasoma sawa. R134a kwa nyuzi 25 husoma kama psi 81, kwa nyuzi 30 kama 97. R12 inasoma 80 na 93, kwa hiyo geji haitakuambia ni ipi iliyomo. Angalia nipeli: za R12 ni za kukaza kwa skrubu, za R134a ni za kubofya, milimita 13 upande wa chini na 16 upande wa juu. Hata hivyo nipeli si kiapo, mtu anaweza kubadilisha moja bila nyingine.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapojidanganya. Psi 97 haisemi kwamba gesi imejaa. Inasema tu kwamba ndani bado kuna gesi iliyo katika hali ya maji, hata ikiwa gramu mia. Ukisoma chini sana ya hapo, tuseme 50, hakuna tena cha majimaji na mfumo uko karibu mtupu. Ukisoma 110 au 115 kwa nyuzi zile zile 30, kuna hewa ndani, mtu alijaza bila kupiga vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwanza. Na ukisoma karibu 158, mtu ametia R22, ile ya AC za nyumba. Nimeikuta mara mbili. Usiwashe kompresa, itoe yote kwa mashine ya kunyonya.

Kuna pia mitungi inayouzwa kama mbadala wa R12 ambayo ndani ni propani na butani, yaani gesi ya kupikia kwa jina la mjini. Inapoa, sikatai. Lakini katika 911 tangi la petroli liko mbele kwenye buti, jirani na evaporeta, na evaporeta inapuliza pale ulipoketi. Mimi siitii. Mtungi wa R134a wa bei ya kutupa nao uuogope. Mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi zililipuka na kuua watu kwa sababu R134a bandia ilikuwa imechanganywa na R40, ambayo ikikutana na alumini inazaa kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Kompresa ya gari nayo ni alumini.

Inapoa ukikimbia, inakataa ukisimama

Pima hivi: milango wazi, feni ya ndani mwisho, injini kwenye mizunguko 1,500, mfuniko wa injini umefungwa. La mfuniko nalisisitiza kwa sababu wengi hupima ukiwa wazi. Kondensa ya nyuma haina feni yake. Feni ya injini ndiyo inayovuta hewa kupitia grili, ipite kwenye kondensa, ishuke kwenye injini. Ukiinua mfuniko, feni inavuta hewa kwingine na kondensa inabaki inaiva peke yake. Utakunja uso ukidhani umepata ugonjwa kumbe umeuleta wewe.

Mombasa kwenye nyuzi 32 nataka kuona upande wa juu 200 hadi 240, upande wa chini 25 hadi 40. Ile SC ilianza 230. Dakika ya sita ikawa 300. Ikapanda hadi 340 na upande wa chini ukafika 60, nikazima. Pande zote mbili zikipanda pamoja, sababu ni tatu: joto halitoki kwenye kondensa, gesi imezidi, au kuna hewa ndani. Hewa nilikuwa nimeshaiondoa kwenye orodha asubuhi kwa geji.

Nikatandika boksi chini ya pua, nikalala chali na mpira wa maji, nikaachia maji taratibu kwenye kondensa ya mbele. Sindano ikashuka kutoka 330 hadi 250 ndani ya dakika moja, na kijana aliyekaa ndani akasema, "Fundi, imeanza kuuma vidole." Basi kompresa ni nzima na valvu ya ekspansheni, ile inayopimia gesi kuingia evaporeta, inafanya kazi. Kondensa ya nyuma usiimwagie hivyo, chini yake kuna feni na altaneta. Ukitaka kuijaribu tumia chupa ya kunyunyizia, umande tu.

Maji yalipoondoka nikashika karatasi ya shashi mbele ya kifeni cha mbele. Kilikuwa kinazunguka, tena kwa kelele, lakini karatasi ilisukumwa upande ambao ilipaswa kuvutwa. Mtu alibadilisha mota akageuza nyaya. Gari likikimbia, upepo wa safari ulikishinda nguvu. Likisimama, kifeni kilikuwa kikirudisha hewa ya moto pale pale. Nyaya mbili, dakika tano.

Sikuishia hapo. Mapezi ya kondensa ile yalikuwa yameliwa na chumvi. Ukiyasugua kwa ukucha yanamung'unyika kama biskuti iliyochovywa chai. Mapezi yaliyoachana na bomba hayabebi joto hata ukiyapulizia kwa feni ya ndege. Angalia pia mpira unaozunguka chumba cha injini. Ukikatika au ukikosekana, hewa ya moto kutoka kwenye mabomba ya moshi chini inapanda juu na kuvutwa tena na feni, na hapo unaumiza AC na injini kwa pamoja.

Halafu gesi. Nilipoinyonya na kuipima ilikuwa imezidi kwa kama robo. Sababu ni kile kioo kidogo juu ya draya, chupa inayofyonza unyevu ndani ya mfumo. Kwa R12 fundi alikuwa anajaza mpaka mapovu yaishe, na ilikuwa sawa. R134a huonekana kama maji ya mchele hata ikiwa kamili, kwa hiyo ukifuata kioo unajaza mpaka unazidisha. Nikamuuliza mzee: siku zile za mwanzo baada ya kuongezewa, foleni ilikuwaje? Akafikiri, akasema, "Kweli, mwanzo ndiyo inakuwa mbaya zaidi feri. Katikati inatulia. Mwisho haipoi popote." Ndiyo hivyo: inajazwa kupita kiasi, inavuja mpaka inafika kipimo, inaendelea kuvuja mpaka inaisha.

Gesi inaisha kila baada ya wiki au miezi

Gesi hailiwi kama petroli. Imetoka mahali. Tafuta kwanza kwa macho: gesi inapotoka hubeba oili, na oili hushika vumbi, kwa hiyo doa jeusi lenye unyevu kwenye kiungo ni ushahidi tosha. Kisha sabuni. Mfumo ukiwa mtupu, tia naitrojeni kavu hadi psi 150, funga, usikilize na upake povu. Usitie hewa ya kompresa ya gereji, ina maji. Na oksijeni usiitaje kabisa, ikikutana na oili inalipuka. Ile tabia ya wazee ya kutafuta R12 kwa mwali wa moto iacheni nayo, gesi hiyo ikiungua inatoa sumu ya kuua.

Ukikosa doa na povu, rangi ya kung'aa na tochi yake ya buluu itakuonyesha, lakini mpe mwenye gari siku kadhaa aendeshe.

Katika 911 mimi huanza mahali patatu. Sili ya shafti ya kompresa: gari la starehe likikaa miezi bila kuwashwa AC, sili inakauka na kuachia. Kondensa ya mbele, kwa mawe ya barabarani. Na hozi zilizo chini, zinazokwaruzwa na matuta. Lakini mara nyingine hakuna tundu lolote, ni hozi yenyewe. Mpira wa zamani hauna bitana ya nailoni ndani, na R134a, ambayo chembe zake ni ndogo kuliko za R12, inajipenyeza ukutani polepole katika urefu wote ule. Sabuni haitakuonyesha. Gari likipungukiwa taratibu, kila msimu wa joto kidogo, na viungo vyote vikavu, hukumu hozi.

Inapoa, inakata, inarudi

Dalili hii ina wenyewe watatu na geji ndiyo inayowatenganisha.

Ikiwa hewa inapungua nguvu kadiri safari inavyoendelea, mpaka inakuwa pumzi tu, na ukisimama dakika kumi maji mengi yanadondoka chini, evaporeta imeganda barafu. Unyevu wetu wa Pwani huifanya haraka. Tafuta thermostati: ina kijiti chembamba cha shaba kinachoingia kati ya mapezi ya evaporeta ili ikate klachi, sumaku inayounganisha kompresa na mkanda, kabla ya barafu. Kijiti kikichomoka, thermostati inahisi joto la buti na kompresa haipumziki. Kirudishe mahali pake kabla hujanunua chochote.

Ikiwa hewa inatoka kwa nguvu ile ile ila imekuwa vuguvugu, na geji ya chini imezama hadi kwenye vakyumu, kuna maji ndani ya mfumo yanayoganda kwenye tundu la valvu ya ekspansheni. Yanayeyuka, inapoa, yanaganda tena. Draya imeshiba. Ibadilishe na upige vakyumu upya. Valvu iliyoziba kwa uchafu inaonyesha vivyo hivyo, ila yenyewe haina kurudi.

Ikiwa klachi inaachia gari likipata moto na kushika likipoa, ni umeme, soma chini.

Kompresa iliyochoka haifanani na hao: upande wa chini unakaa juu, 70 hivi, na wa juu hauvuki 130, hata ukipandisha mizunguko.

Klachi haishiki

Fyuzi za 911 hizi ni zile za kauri zenye umbo la risasi, zimebanwa na vishikizo viwili vya shaba. Chumvi ya bahari inavipenda. Fyuzi inaonekana nzima, taa ya kupimia inawaka, lakini mzigo ukija umeme haupiti. Izungushe kwa vidole, safisha vishikizo kwa msasa laini, badilisha. Kisha pima volti kwenye klachi yenyewe ikiwa inafanya kazi; chini ya 12 endelea kutafuta nyuma. Koili nzima ina omu 3 hadi 4. Nafasi kati ya bamba na puli iwe kama milimita 0.4 hadi 0.6, ikipanuka kwa uzee, sumaku inalivuta bamba asubuhi na kulishindwa mchana koili ikiwa na moto.

Mkanda ukilia wakati klachi inashika, ukaze. Ukiendelea kulia, pima presha ya juu kabla hujalaumu mkanda.

Baridi inatoka, gari halipoi

Kipimajoto kwenye tundu la dashibodi kinasoma nyuzi 9, na bado dereva anatoka jasho. Hii iliwahi kunichukua siku mbili na aibu juu. Hita ya 911 haitumii maji. Inachukua hewa inayozunguka mabomba ya moshi na kuileta ndani, na vifuniko viwili chini ya gari ndivyo vinavyoizuia. Waya zake zikishika kutu, vifuniko vinabaki nusu wazi. Yaani AC inapigana na hita na wewe uko katikati. Weka mkono karibu na miguu na kando ya milango, utahisi. Legeza waya, paka grisi, hakikisha vinafunga kabisa. Usichukulie mzaha: mabomba yakiwa yametoboka, njia hiyo hiyo ndiyo ya moshi kuingia ndani.

Kuhama vizuri

Ukiamua kuhama kutoka R12 ipasavyo, au kumalizia kazi iliyofanywa nusu, fedha yako ianzie kwenye joto. Kondensa ya mbele ya kisasa, ile ya mabomba bapa yanayokwenda sambamba, na feni yenye nguvu iliyofungwa kwa relei na waya wake kutoka betri. Ya ziada inaweza kukaa ndani ya madigadi ya nyuma, nyuma ya gurudumu, na feni yake. Baada ya hapo ndiyo hozi zenye bitana. Oringi zote ziwe za kijani, hata zile unazoona nzima. Draya mpya inayokubali R134a. Valvu mpya. Na swichi ya presha: nyingi za gari hizi zilikuwa hazina, na ndiyo itakayoiokoa kompresa siku feni itakapokufa.

Oili ya R12 ni ya madini na haisafiri na R134a. Inabaki imekaa kwenye evaporeta wakati kompresa inasaga kavu. Sukuma hozi, kondensa na evaporeta kwa dawa ya kusafishia mifumo hii, si petroli, kisha kausha kwa naitrojeni. Kompresa, draya na valvu havisafishwi kwa kusukuma. Baada ya hapo natumia oili ya esta, kwa sababu inavumilia mabaki ya zamani kuliko PAG, ile oili nyingine ya R134a, na PAG inafyonza unyevu wa hewa yetu kama chumvi ya mawe.

Vakyumu dakika 45, kisha funga na usubiri nusu saa uone kama sindano inarudi. Hapa Mombasa sindano inafika inchi 29. Ukiwa Nairobi, kwenye mita kama 1,700, itagoma kwenye 24 na kitu. Pampu haina kosa, hewa ya juu ni nyepesi. Nimeona pampu nzuri ikitupwa kwa sababu hiyo.

Gesi tia kwa mizani: kama asilimia 85 ya uzito wa R12 uliopangiwa gari. Kama kibandiko kinasema gramu 1,200, anzia 1,000, tazama geji na kipimajoto, ongeza gramu 30 kwa 30 ukihitaji. Bandika kibandiko kipya chenye gesi, uzito na aina ya oili, fundi ajaye asibahatishe.

Ile SC ilitoka na kondensa mpya mbele, hozi mpya, feni inayozunguka upande wake. Tukaipeleka Likoni mchana, foleni ndefu: dakika ya ishirini tundu la katikati lilisoma nyuzi 12, upande wa juu 235. Wiki iliyofuata mzee akapiga simu. AC haina neno, ila zulia la mbele limelowa chapachapa. Lilikuwa bomba la kutolea maji ya evaporeta, limeziba kwa majani ya mkilifi. Kwa muda wote ule halikuwa na maji mengi ya kutoa. Nikalizibua kwa waya wa baiskeli.